Kilemba na Taji: Wanachuoni wa Kishia na Mamlaka ya Dola

Utangulizi

Neno serikali, ambalo sisi wazungumzaji wa Kiswahili hulitumia kila uchao, lina asili ya Kiajemi. Limetokana na neno sarkar, ambalo nalo limeundwa kwa viambajengo viwili: sar, yaani kichwa, na kar, yaani kazi. Inasadifu kwamba lugha yetu iliazima jina la mamlaka kutoka kwa watu ambao kwa zaidi ya karne moja wamezozana, wakati mwingine kwa kumwaga damu, kuhusu ni nani hasa anayestahiki kuwa kichwa: mfalme, bunge au mwanachuoni wa dini.

Magazeti yetu yanapotafsiri habari za Iran au Iraki, aghalabu huwaita wanachuoni hao "makasisi wa Kishia". Istilahi hiyo inapotosha. Kasisi hupewa daraja na kanisa lake, naye huwa chini ya askofu anayeweza kumhamisha au kumwondoa. Mwanachuoni wa Kishia hapewi daraja kwa kuwekewa mikono wala hatumwi parokiani. Cheo chake hutokana na elimu yake, na elimu hiyo huthibitishwa na walimu waliomtangulia na waumini wanaoamua kumfuata. Tofauti hii si ya msamiati tu. Ndiyo ufunguo wa mada yetu.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano kati ya wanachuoni wa Kishia na dola kwa kutumia mifano ya Iran na Iraki, tangu mgogoro wa tumbaku wa mwaka 1891 hadi miaka ya hivi karibuni. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya wanachuoni hao mbele ya watawala ilitokana na umbali wao kutoka ikulu: walikuwa na fedha zao, wafuasi wao na mara nyingi makazi yao nje ya mipaka ya mtawala waliyemkosoa. Kwa hiyo, baadhi yao walipoitwaa dola yenyewe mwaka 1979, walipata mamlaka makubwa na papo hapo wakaanza kuupoteza msingi uliowapa sauti.

Imamu Aliyeghibu

Washia Ithnaasheri ni wafuasi wa Maimamu kumi na wawili. Wao huamini kwamba uongozi halali baada ya Mtume Muhammad ulikuwa wa Ali bin Abi Talib, kisha wa kizazi chake. Hapa pana neno jingine linalohitaji uangalifu. Kwa Waislamu wengi wa pwani yetu, imamu ni yule anayesimama mbele ya safu na kuongoza sala. Katika itikadi ya Kishia, Imamu ni kiongozi aliyeteuliwa na Mungu na kukingwa na makosa. Imamu wa kumi na mbili, Muhammad al-Mahdi, anaaminiwa kwamba alighibu mwaka 874, na kwamba tangu mwaka 941 hana naibu maalumu anayewasiliana naye. Atakaporejea, ataijaza dunia haki baada ya kujazwa dhuluma.

Imani hii ina matokeo ya kisiasa. Ikiwa mtawala halali yuko ghaibu, basi kila anayekalia kiti cha utawala amekalia kiti cha mwenyewe. Je, mwanachuoni afanye nini? Anaweza kujitenga na watawala na kusubiri. Anaweza kushirikiana nao kwa tahadhari ili kupunguza madhara. Au anaweza kudai kwamba yeye, kwa kuwa ni naibu wa Imamu katika elimu, ni naibu wake pia katika utawala. Kwa karne nyingi majibu mawili ya kwanza ndiyo yaliyotawala. La tatu ni la majuzi.

Mwaka 1501 Shah Ismail, mwasisi wa ufalme wa Safavi, aliufanya Ushia kuwa madhehebu rasmi ya Iran. Kwa kuwa wanachuoni wa Kishia walikuwa haba nchini humo, baadhi yao waliletwa kutoka Jabal Amil, katika nchi tunayoiita leo Lebanoni. Walipewa vyeo na mali za wakfu. Hata hivyo, ufalme huo ulipoanguka mwaka 1722, wanachuoni wengi walihamia Karbala na Najaf, miji mitakatifu ya Iraki iliyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Huko ndiko msimamo wa wanachuoni walioitwa Usuli ulikoshinda mwishoni mwa karne ya kumi na nane. Msimamo huo ulisema kwamba muumini asiye mtaalamu wa sheria ya dini hana budi kumfuata mtaalamu, yaani mujtahidi. Katikati ya karne ya kumi na tisa palizuka cheo cha marjaa, mwanachuoni mkuu ambaye waumini wa nchi nyingi humrejelea.

Nguzo tatu ziliushikilia mfumo huu. Kwanza, muumini mwenyewe ndiye humchagua marjaa wake. Hakuna mfalme wala waziri anayemteua. Pili, muumini hutoa khumsi, yaani moja ya tano ya mapato yanayobaki baada ya matumizi ya mwaka. Nusu ya khumsi huitwa sehemu ya Imamu, nayo hukabidhiwa marjaa au wakili wake. Kwa fedha hizo marjaa huwalipa posho wanafunzi wa hawza, yaani chuo cha dini, na kuwasaidia maskini. Tatu, ufuasi huu haujui mipaka ya nchi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Waithnaasheri wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walimfuata Ayatullah Abul-Qasim al-Khoei wa Najaf hadi alipofariki mwaka 1992, na baadaye Ayatullah Ali al-Sistani wa mji uo huo.

Msomaji anaweza kulinganisha hali hii na ile ya kadhi nchini Kenya. Kadhi ni afisa wa Idara ya Mahakama. Anatambuliwa na katiba na hulipwa mshahara kutoka hazina ya umma. Mfumo huo una manufaa yake, lakini haufanani na ule wa marjaa. Mtawala anayetaka kumnyamazisha marjaa hana mshahara wa kuukata.

Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mgogoro wa tumbaku nchini Iran ni mfano adimu wa fimbo ya mbali iliyoua.

Mwezi Machi mwaka 1890, Naser al-Din Shah alimpa Mwingereza aliyeitwa Talbot haki ya pekee ya kununua, kuuza na kusafirisha nje tumbaku yote ya Iran kwa muda wa miaka 50. Shah angepokea pauni 15,000 kila mwaka pamoja na robo ya faida. Tumbaku ilikuwa zao la wakulima wengi, bidhaa ya wachuuzi wengi na starehe ya takriban kila nyumba. Mkulima sasa alilazimika kumuuzia mgeni zao lake, kisha kulinunua tena kutoka kwa mgeni huyo huyo. Wafanyabiashara wa Shiraz, Tabriz, Isfahan na Tehran walighadhibika. Wao ndio waliokuwa walipaji wakubwa wa khumsi, na wanachuoni walikisikia kilio chao.

Mnamo Desemba 1891 ilienea fatwa iliyonasibishwa na Mirza Hasan Shirazi, marjaa mkuu wa wakati huo. Maudhui yake yalikuwa mafupi: kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni sawa na kumpiga vita Imamu wa zama. Shirazi aliishi Samarra nchini Iraki, mbali na askari wa Shah. Maduka ya tumbaku yalifungwa na maburuma yakawekwa kando. Inasimuliwa kwamba hata wake wa Shah na watumishi wa kasri walikataa kuvuta. Januari 1892 mkataba ulifutwa, na Shirazi akauruhusu tena uvutaji. Kampuni ililipwa fidia ya pauni 500,000, fedha ambazo Iran ilizikopa, na hilo likawa deni lake kubwa la kwanza kutoka nje.

Tukio hili linaonyesha nguzo zote tatu zikifanya kazi pamoja. Shirazi hakuwa na jeshi. Alikuwa na utiifu wa watu waliomchagua, fedha zisizopitia mikononi mwa Shah na mpaka uliomkinga. Ni vyema pia kutambua kuwa hakudai kiti cha Shah. Alimkataza jambo moja tu, nalo likakatazika.

Katiba na Mpasuko wa Wanachuoni

Si sahihi kudhani kwamba wanachuoni wamekuwa na kauli moja daima. Mapinduzi ya Kikatiba ya mwaka 1905 hadi 1911 yaliwagawanya vikali. Wanachuoni wawili wa Tehran, Abdullah Behbahani na Muhammad Tabataba'i, walishirikiana na wafanyabiashara na wasomi wa kisasa kudai bunge. Mfalme Mozaffar al-Din alitia saini katiba Desemba 1906. Nyongeza ya mwaka 1907 iliagiza kwamba kamati ya mujtahidi wasiopungua watano ikague sheria za bunge ili zisikiuke Uislamu, ingawa kwa sehemu kubwa agizo hilo halikutekelezwa.

Sheikh Fazlollah Nuri alikuwa miongoni mwa waliopigania kifungu hicho, lakini baadaye aliupinga mfumo mzima wa kikatiba. Kwake, kuwapa wabunge uwezo wa kutunga sheria na kuwafanya watu wa dini zote kuwa sawa mbele ya sheria kulikuwa ni kuivunja dini. Alimuunga mkono mfalme mpya, Mohammad Ali Shah, aliyelishambulia bunge kwa mizinga mwaka 1908. Wapiganaji wa katiba walipoutwaa mji wa Tehran, Nuri alishtakiwa na kunyongwa hadharani tarehe 31 Julai 1909. Mwendesha mashtaka wake alikuwa naye ni mwanachuoni.

Huko Najaf, marjaa mkuu Akhund Khorasani aliiunga mkono katiba. Mwaka 1909 Muhammad Husayn Na'ini aliandika kitabu cha kuitetea. Hoja yake yastahili kuzingatiwa. Mfalme asiye na mipaka, alieleza, hunyang'anya haki tatu: ya Mungu, ya Imamu na ya watu. Serikali ya kikatiba haiwezi kuirejesha haki ya Imamu aliye ghaibu, lakini angalau huziondolea dhuluma zile nyingine. Kwa hivyo, muumini anayeweza kuipunguza dhuluma ana wajibu wa kuipunguza. Hapa ndipo katiba ya kisasa ilipopata utetezi ndani ya fikra za Kishia zenyewe, bila kudai kwamba mwanachuoni awe mtawala.

Taji Linapokipinga Kilemba

Reza Khan, afisa wa jeshi aliyeshiriki katika mapinduzi ya mwaka 1921, alijitwalia ufalme mwaka 1925. Alitaka dola ya kilimwengu yenye nguvu, mithili ya ile ya Atatürk nchini Uturuki. Hakuwashambulia wanachuoni kwa maneno tu, bali aliwanyang'anya kazi zao. Mahakama zilipangwa upya kuanzia mwaka 1927, usajili wa hati ukahamishiwa ofisi za serikali, na shule za kisasa zikachukua nafasi ya vyuo. Sheria ya mwaka 1928 iliwalazimisha wanaume kuvaa mavazi ya Kizungu. Mwanachuoni aliyetaka kubaki na kilemba chake alipaswa kuthibitisha mbele ya serikali kwamba ni mwanachuoni. Dola ilijipa uwezo wa kuamua nani ni mtu wa dini.

Julai 1935 waandamanaji walikusanyika katika msikiti wa Goharshad mjini Mashhad kuyapinga mabadiliko ya mavazi. Askari waliingia na kuua watu wengi. Januari 1936 wanawake walipigwa marufuku kuvaa hijabu hadharani, na polisi waliwavua kwa nguvu.

Wanachuoni wakuu wa Qom walichagua subira. Abdulkarim Haeri, aliyeihuisha hawza ya mji huo mwaka 1922, alijali zaidi kuilinda isifungwe. Ayatullah Boroujerdi, aliyemfuata kwa hadhi, kwa jumla alijiepusha na siasa hadi alipofariki mwaka 1961. Baada ya kifo chake ulizuka mjadala mpana miongoni mwa wanafunzi wake. Murtaza Motahhari alieleza udhaifu ambao wengi hawakupenda kuusikia: mwanachuoni anayeishi kwa khumsi yuko huru mbele ya serikali, lakini si huru mbele ya watoaji. Atachelea kusema lolote litakalowaudhi. Kwa maneno mengine, uhuru wa wanachuoni ulikuwa na bei yake.

Ruhollah Khomeini hakuridhika na subira. Mwaka 1963 aliushambulia mpango wa mageuzi wa Mohammad Reza Shah, uliojumuisha ugawaji wa ardhi na haki ya wanawake ya kupiga kura, pamoja na utegemezi wa Iran kwa Marekani. Alikamatwa Juni mwaka huo, na maandamano yaliyofuata yakazimwa kwa risasi. Mwaka 1964 aliikashifu sheria iliyowakinga wanajeshi wa Marekani dhidi ya mahakama za Iran, naye akafukuzwa nchini. Alielekea Uturuki, kisha mwaka 1965 akahamia Najaf.

Mapema mwaka 1970, katika mihadhara yake mjini humo, Khomeini alilitoa jibu la tatu kwa ukamilifu. Alisema kwamba katika zama za ghaiba, mwanachuoni wa sheria ana wajibu wa kutawala. Nadharia hiyo huitwa Wilayatul-Faqih. Ni muhimu msomaji aelewe kwamba haikuwa itikadi ya Washia wote. Al-Khoei, aliyeishi katika mji uo huo, aliiona mamlaka ya mwanachuoni kuwa na mipaka finyu: mambo kama mali ya yatima na wakfu usio na msimamizi, wala si kuongoza dola.

Kilemba Juu ya Kiti cha Enzi

Shah aliondoka Iran Januari 1979, na Khomeini akarejea tarehe 1 Februari. Katiba iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka huo ilimpa Kiongozi amri ya majeshi, uteuzi wa mkuu wa mahakama na uteuzi wa nusu ya wajumbe wa Baraza la Walinzi linalokagua sheria za bunge. Kilemba kilikuwa kimekaa mahali pa taji.

Je, wanachuoni walinufaika? Kwa vyeo, naam. Lakini tuzitazame zile nguzo tatu. Mwaka 1982 Ayatullah Shariatmadari, marjaa aliyefuatwa na mamilioni ya watu, hasa Waazeri, alituhumiwa kujua njama dhidi ya serikali. Alitangazwa kuvuliwa hadhi ya umarjaa na kuwekwa kizuizini nyumbani hadi alipofariki mwaka 1986. Jambo ambalo hata Reza Shah hakulifanya, yaani kumvua marjaa umarjaa wake, lilifanywa na dola ya wanachuoni. Nguzo ya uchaguzi wa waumini ilikuwa imetikiswa.

Januari 1988 Khomeini aliandika kwamba serikali ya Kiislamu ni miongoni mwa hukumu za msingi za dini, nayo hutangulia hukumu nyingine, hata sala, saumu na hija. Fikra iliyoanza kwa kutaka sheria ya dini iiongoze dola ilikuwa imefika mahali ambapo maslahi ya dola yangeweza kuisimamisha sheria ya dini.

Kisa cha Hussein-Ali Montazeri kinasikitisha zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza lililoiandika katiba ya 1979, na mwaka 1985 aliteuliwa kuwa mrithi wa Khomeini. Mwaka 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa walipouawa magerezani, aliandika barua za kupinga. Machi 1989 aliondolewa kwenye urithi. Khomeini alipofariki Juni mwaka huo, alichaguliwa Ali Khamenei, ambaye hakuwa marjaa, na katiba ikarekebishwa ili sharti la umarjaa liondolewe. Montazeri alipomkosoa Kiongozi hadharani mwaka 1997, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Qom hadi 2003. Alifariki Desemba 2009. Nadharia iliyodai kwamba mjuzi zaidi atawale ilikuwa imempata mtawala ambaye si mjuzi zaidi, na mjuzi akafungiwa nyumbani.

Nguzo ya fedha nayo ilibadilika, kwani hawza za Iran zilianza kupata mgawo kutoka bajeti ya serikali. Kisha ikaja hukumu ya umma. Septemba 2022 Mahsa Amini, mwanamke wa miaka 22, alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili. Katika maandamano yaliyofuata, vijana walionekana wakiwapitia wanachuoni barabarani na kuwaangusha vilemba. Wengi wa waliovuliwa vilemba hivyo huenda hawakuwa na cheo chochote serikalini. Lakini kwa kijana yule, kilemba na dola vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Njia ya Najaf

Iraki inatupa mfano wa pili. Chini ya Saddam Hussein wanachuoni wa Najaf waliteswa; Muhammad Baqir al-Sadr aliuawa mwaka 1980 pamoja na dada yake. Utawala huo ulipoangushwa na majeshi ya Marekani mwaka 2003, wengi walitarajia Najaf ifuate nyayo za Tehran. Haikufuata. Juni 2003 Sistani, mzaliwa wa Mashhad, alitoa fatwa kwamba wavamizi hawana mamlaka ya kuwateua waandishi wa katiba. Sharti wachaguliwe na wananchi. Hakukubali kukutana na Paul Bremer, msimamizi wa Kimarekani. Januari 2004 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kuunga mkono uchaguzi, nao ukafanyika Januari 2005. Huu ni mwangwi wa Shirazi na Na'ini: mwanachuoni anazuia, anashurutisha, ila hatawali.

Njia hii nayo ina miiba. Juni 2014, wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu walipouteka mji wa Mosul, fatwa ya Sistani iliwahimiza raia wajiunge na vikosi vya usalama vya taifa. Maelfu waliitika, lakini makundi kadhaa yenye silaha yaliyotumia fursa hiyo yalielekeza utiifu wao Tehran. Aidha, vyama vilivyojinasibisha na dini viliingia serikalini na kuchafuka kwa ufisadi, hata Sistani akaacha kuwapokea wanasiasa wakuu. Novemba 2019, baada ya mamia ya waandamanaji kuuawa, hotuba ya Ijumaa iliyosomwa kwa niaba yake Karbala ililitaka bunge lifikirie upya kuiunga mkono serikali. Siku hiyo hiyo waziri mkuu Adil Abdul-Mahdi alitangaza kwamba angejiuzulu.

Hitimisho

Tumeona kwamba uhusiano wa wanachuoni wa Kishia na dola hauwezi kufupishwa kwa kauli kwamba Ushia hautenganishi dini na siasa. Kauli hiyo inamsahau Nuri aliyemtetea mfalme, Na'ini aliyeitetea katiba, Boroujerdi aliyenyamaza, Khomeini aliyetawala, Montazeri aliyejuta na Sistani aliyekaa nyumbani kwake, katika kichochoro cha Najaf, na neno lake likamtikisa waziri mkuu. Wote hawa walisoma vitabu vilivyokaribiana na kumsubiri Imamu mmoja.

Kinachowatofautisha ni mahali waliposimama walipokuwa wakisema na mtawala. Jamii yoyote huhitaji mtu anayeweza kumwambia mtawala "hapana" bila kuhofia kukatiwa riziki. Wanachuoni wa Kishia walikuwa na nafasi hiyo kwa muda mrefu, na hawakuipata kwa kupewa na mfalme. Mwaka 1979 baadhi yao walikishika kiti bila kuiachia minbari. Mshika mbili, moja humponyoka. Kilichowaponyoka wao hakikuwa kiti.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, tunapendekeza hatua ndogo: waandishi na wafasiri wetu waache kuwaita watu hawa makasisi. Tukiwaita wanachuoni, msomaji wetu atakumbuka kwamba mamlaka yao yalianzia kwenye elimu na hiari ya wafuasi, naye ataweza kuuliza, kila asomapo habari za huko, ni kiasi gani cha hiari hiyo kilichobaki.